Kanda za kaban: muziki wa kikao uliobaki majumbani

Kaban ni jina ambalo Wasomali, wakiwemo wa Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya, huiita ala ambayo Waswahili wa pwani huijua kama udi. Ina tumbo la mviringo, shingo fupi na nyuzi zinazofungwa mbili mbili. Wapenzi wa muziki wa Ulaya hutafuta rekodi za mpiga piano zilizochukuliwa ukumbini, mbele ya watu. Kwa Msomali, rekodi iliyo karibu zaidi na hiyo ni kanda ya kaban iliyonaswa sebuleni.

Namna ya kurekodi ilikuwa nyepesi. Wageni waliketi juu ya mazulia, kinasa sauti kikawekwa katikati, na mpigaji akaanza kwa kukaza nyuzi na kupiga taksimu, yaani utangulizi usiofuata mapigo, kabla ya kuingia wimboni. Kikohozi, mlio wa vikombe na sauti ya anayeomba wimbo vyote vilinaswa. Kanda ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, hivyo wimbo mtamu ungeweza kukatika katikati. Kisha kanda ilinakiliwa kutoka jirani hadi jirani, na kila nakala iliongeza mchakato. Wasikilizaji hawakujali sana.

Nyimbo zilizopendwa katika vikao hivyo ni za qaraami, nyimbo za mapenzi zilizoshamiri tangu miaka ya 1940. Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka wa 1924, akakulia Aden na baadaye akafanya kazi katika Redio Hargeisa. Wachache wa Afrika Mashariki wanajua kwamba gwiji huyo alizaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Aliyevutiwa na upigaji wake ni Ahmed Ismail Hussein, maarufu kama Hudeydi, mzaliwa wa Berbera, aliyekuja kuitwa mfalme wa kaban. Hudeydi alifariki London mwezi wa Aprili 2020 baada ya kuambukizwa korona.

Thamani ya kanda hizi ilidhihirika mwaka wa 1988, wakati serikali ya Siad Barre iliposhambulia Hargeisa kwa mabomu. Wafanyakazi wa redio waliondoa kanda za maktaba na kuzifukia ardhini. Nyingine zilipelekwa Djibouti na Ethiopia. Leo kituo cha utamaduni cha mji huo kina zaidi ya kanda 10,000. Mwaka wa 2017 baadhi ya rekodi za enzi hiyo zilitolewa upya katika albamu ya Sweet as Broken Dates, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Lakini kanda za redio zilirekodiwa studioni. Zile za vikao hazikuwa na maktaba wala mlinzi. Zilisafiri mikononi mwa wafanyabiashara, na kuanzia 1991, kambi za Dadaab zilipofunguliwa kwa wakimbizi wa Somalia, mizigoni mwa watu waliokimbia na walichoweza kubeba.

Adui wake sasa ni joto na vumbi. Garissa, ambako jua la mchana huvuka nyuzijoto 35, utepe hulegea na kushikamana. Vinasa sauti vya kuuchezesha pia vimeadimika. Kuhamishia kanda moja kwenye kompyuta huchukua muda uleule wa kuisikiliza, dakika 90 kwa dakika 90, na wazee wanaoweza kutambua ni nani anayepiga wanazidi kupungua.