Daftari la Pili: Historia Fupi ya Seva ya Akiba

Ndugu wanachama, mazao yakipimwa, mkulima huchukua stakabadhi na nakala hubaki chamani, ili daftari likipotea haki yake isipotee. Hekima hiyo ndiyo iliyozaa seva ya akiba: kompyuta ya pili ipokeayo kila badiliko la hifadhidata kuu, ili ya kwanza ikianguka, ya pili ishike kazi.

Programu ya PostgreSQL, itumikayo bila malipo, ilipata mwaka 2005 uwezo wa kurejesha hifadhidata kwa kufuata kumbukumbu za mabadiliko. Mwaka 2010, toleo la 9.0 liliwezesha mabadiliko kutiririka moja kwa moja hadi seva ya akiba.

Lakini historia yatuonya. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, seva ya akiba ilibaki nyuma. Fundi akiitengeneza, akafuta data ya seva kuu akidhani ni ile ya akiba. Nakala nyingi zilikutwa hazifai, zikapotea habari za saa sita hivi. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wako wateja waliopoteza vyote, kwani nakala zao zilikuwa mumo humo.

Basi tuingiapo mwaka wa kumi na moja, seva yetu ya akiba na ikae mbali na ile kuu. Nakala za kila siku nazo zitunzwe kando, maana kosa la seva kuu hunakiliwa na ya akiba. Tena zijaribiwe kwa kurejeshwa. Tahadhari kabla ya hatari.