Doti ya Kanga na Mama Mtu Mzima

Akina mama waliovuka umri wa miaka 45 wana lalamiko moja ambalo sisi wanaume tumelifanyia mzaha kwa muda mrefu. Wanasema madukani hakuna nguo yao. Gauni lililotundikwa mbele limekatwa kwa kiuno cha msichana wa miaka 20. Akiuliza jingine, muuzaji huenda nyuma na kurudi na guo la rangi ya majivu, lisilo mbele wala nyuma, na kumwambia: "Hili ndilo lako, mama." Kana kwamba mtu akipata wajukuu hupokonywa kioo!

Msikilizaji, ukiitazama historia ya mwambao wetu utaona kuwa fikra hiyo ni ngeni kabisa.

Turudi Unguja ya karne ya 19. Wakati huo nguo ilikuwa ndiyo cheti cha mtu. Bibi wa kiungwana alivaa suruali ya marinda, kanzu ya hariri na barakoa usoni. Mtumwa wa kike alijifunga merikani, kitambaa cheupe kigumu kilicholetwa na majahazi ya Wamarekani kutoka Salem, au kaniki, ile nguo nyeusi ya nili. Aliifunga chini ya makwapa, na kwa desturi kichwa chake kilibaki wazi. Hapakuwa na haja ya kuuliza huyu ni nani. Nguo ilikwisha kujibu.

Kisha ikaja kanga. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mjini walinunua leso za Kireno zilizouzwa kwa jora, wakazikata na kuziunga sita sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuona faida, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Mombasa hata leo wengi huiita leso. Madoadoa ya zile za mwanzo ndiyo yaliyoipa jina la yule ndege.

Sasa tazama tarehe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Mwanamke aliyekuwa na miaka 40 mwaka huo wa 1897 alikuwa na miaka 16 soko lilipofungwa, na akaendelea kuwa mali ya mtu kwa miaka 24 zaidi. Huyu ndiye aliyeitupa kaniki na kununua doti ya kanga kwa fedha ya jasho lake: moja ya kujifunga, ya pili ya kujitanda kichwani. Hakuwa kigoli. Alikuwa mtu mzima, pengine bibi, na kupendeza kwake kulikuwa ni kutangaza kwamba hana bwana. Wanaosema kwamba pambo ni upuuzi wa wasichana wangepaswa kumweleza yeye.

Mfano mwingine ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyezaliwa karibu mwaka 1880 katika familia ya kimaskini na aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri alikuwa anakaribia miaka 50. Umaarufu wake mkubwa ulimjia katika umri ambao leo tungemwambia avae kijivu akae barazani.

Zogo la mavazi lililofuata lilikuwa la vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Mama wa kanga mbili hakuhusika. Taabu yake ilikuja baadaye, wakati wa uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kanga yenyewe ilipokuwa ya kutafutwa kwa tochi. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, kanga zilirudi, na mitumba nayo ikafuata. Nami nasema bila aibu kwamba mitumba imewasaidia wengi: humo hupatikana koti lililokatwa kwa bega la mtu mzima.

Lakini kwa nini kanga humkaa mwanamke wa miaka 60 kama inavyomkaa wa 20? Kwa sababu haina saizi. Ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo, basi. Mwili ukinenepa, fundo husogea, ukikonda, hurudi. Ile ya juu huzunguka uso, kwa hiyo mwenye mvi huchagua pindo la rangi iliyokolea na uso wake ukang'aa. Kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kinajulikana kwa bibi harusi, lakini mtazame somo wake siku hiyo uone nani amekivaa vizuri zaidi.

Hata dera, ambalo siku hizi limeenea mijini, ni pana lakini halikosi rangi. Na fundi hodari wa gauni la kanga huweka mji kifuani, pindo likashuka kuwa upindo wa chini na mikono. Kinachowaudhi wateja wake wakubwa ni yule fundi mwingine, anayetangaza "nitakuachia nafasi, mama" kabla hata hajashika utepe wa kupimia.