Aliyetolewa Bara Mtumwa, Akarudi Shemasi

Katika jubilii hii twamkumbuka Padre Cecil Majaliwa, Myao. Alichukuliwa utumwani angali mtoto; akapata uhuru, akalelewa na Misheni ya U.M.C.A. huko Unguja. Mwaka 1886 alipewa ushemasi, akatumwa Chitangali, kwa watu wa kabila lake. Bara ile iliyomtoa akiwa mali ya watu ilimpokea akiwa mtumishi wa Mungu. Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni hiyo.

Basi, ni nini kilichomgeuza? Sheria yaweza kuvunja mnyororo; lakini kumrudisha mtu kwao na Injili badala ya kisasi, hiyo ni kazi ya neema. Nasi tusihesabu miaka na majengo tu, bali mioyo iliyogeuka.