Wariinga kabla ya bastola

Ukiitaja Shetani Msalabani, watu watakwambia kwanza habari ya karatasi za choo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila kesi tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, na hukohuko Kamiti akaiandika riwaya hiyo kwa Kikuyu kwenye shashi za choo. Ilichapishwa 1980, na tafsiri ya Kiswahili ikatoka 1982. Halafu watakwambia juu ya mashindano ya wezi kule Ilmorog. Jacinta Wariinga mwenyewe hukumbukwa kwa bastola ya mwisho tu.

Mimi namtaka yule Wariinga wa Nakuru.

Anazaliwa 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Baba anapelekwa Manyani, mama anafungwa, naye akiwa na miaka miwili analetwa kwa jamaa Nakuru. Hapa Ngũgĩ hakubuni sana. Maelfu ya wanawake walizuiliwa Kamiti miaka hiyo, na watoto wao wakabaki kwa yeyote aliyekuwa na chumba. Nakuru, mji wa reli tangu 1900 na mji wa walowezi, haukukosa watoto wa namna hiyo.

Wariinga anasoma sekondari, anapenda hesabu, anataka kuwa injinia. Kisha mwenye nyumba aliyemlea anamsukuma kwa Mzee Tajiri wa Ngorika ili mambo yake mwenyewe yanyooke. Leo tungemwita sponsa, tucheke. Mimba inaingia, mzee anamkana, na msichana anaenda kujitupa relini, palepale Nakuru. Mtu anamvuta, anapona.

Sasa, mbona hakurudi darasani? Arudi wapi? Sera ya serikali ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni ilikuja 1994, miaka 14 baada ya riwaya kutoka. Kabla ya hapo mimba ilimfukuzisha msichana, na aliyempa mimba akaendelea kuendesha Mercedes yake. (Mimi niliacha chuo kwa hiari yangu. Si kitu kimoja, wala nisijidai.)

Basi hesabu gharama zake. Mtoto, Wambui, anaachwa kwa nyanya na babu Ilmorog. Ndoto ya uinjinia inawekwa kando, anajifunza kupiga taipu. Nairobi anapata kazi, na bosi wake, Kihara, anataka kilekile alichotaka mzee wa Ngorika. Anakataa. Kazi inakwenda, mpenzi anakwenda, na chumba nacho kinakwenda. Ni baadaye sana ndipo tunamkuta Politekniki, ndani ya ovaroli na spana mkononi, akifanya kazi na mafundi wa gereji wanaogawana mapato yao.

Wapo wanaosema huyu Wariinga wa spana na judo ametiwa chumvi, si mtu, ni bango. Labda. Lakini kukataa kwake mbele ya Kihara hakuna chumvi hata chembe, maana alijua kodi ya mwezi itamngoja mlangoni. Kwangu mimi hapo ndipo penye ujasiri wa kitabu kizima, kuliko pale penye risasi.

Na risasi nayo ina bei. Mzee wa Ngorika ni baba yake Gatuĩria, mchumba wake. Amempeleka akamtambulishe kwa wazazi, mzee anamtambua, anamtaka tena. Wariinga anafyatua, na harusi inakufa na mzee. Anaondoka kwa miguu, na Gatuĩria amebaki nyuma.