Maji ya Gaba na Mabomba Yaliyosahauliwa

Wazee walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mabomba ya maji ya Makindye yanatufunza kuwa haba na haba hukimaliza kibaba vilevile.

Historia ya maji ya Kampala ni historia ya Makindye pia. Gaba, penye mitambo ya kuvuta maji ya Ziwa Viktoria, imo katika sehemu hiyo ya mji. Kadhalika kilima cha Muyenga, yalipo matangi makubwa. Mtambo wa kwanza ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Maji husafishwa Gaba, husukumwa hadi kilimani Muyenga, kisha huteremka kwa uzito wake hadi majumbani.

Mwaka 1969 mji ulikuwa na watu wapatao 330,000. Mwaka 2014 walihesabiwa 1,507,080. Shirika la taifa la maji liliundwa mwaka 1972, lakini miaka ya misukosuko iliyofuata haikuruhusu matengenezo ya kutosha. Baadaye ikajengwa Gaba ya pili, mwaka 1992, na ya tatu, mwaka 2007. Mitambo hiyo kila mtu aliiona. Mabomba yaliyofukiwa nani aliyaona?

Bomba la chuma huliwa na kutu, na maungio yake hulegea. Msukumo mpya ukiingia katika bomba kuukuu, ufa mdogo huwa mpasuko. Maji nayo yakikatika, uchafu wa mtaroni huweza kupenya katika ufa uleule. Katika miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja ya maji yaliyotoka mitamboni hayakulipiwa: mengine yalivuja, mengine yaliibwa, mengine mita hazikuyahesabu. Aumiaye ni mama wa bondeni Katwe, anunuaye dumu kwa bei ipitayo ile ya mwenye mita nyumbani.

Dawa yake inajulikana. Mtandao hugawanywa katika maeneo madogo, kila eneo na mita yake. Maji yapitayo usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, ndiyo hufichua uvujaji. Kisha mabomba machakavu hubadilishwa kwa zamu, kabla hayajapasuka.

Walimu wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumezoea kuifundisha kwa mfano wa nyumba. Tuifundishe pia kwa mfano wa bomba, ambalo ufa wake umo chini ya nyayo zetu.