Deni la Mlimani: Lugha na Uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, kikiwa chuo kidogo cha sheria ndani ya jengo la TANU mjini. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka huohuo yakaanzishwa masomo ya sanaa na sayansi za jamii. Mwaka 1965 yakafuata masomo ya sayansi. Majengo yalisimama upesi. Walakini swali la lugha ipasayo kuibeba elimu hiyo halijamalizika hata leo.

Mfano ulio wazi watoka katika somo la historia. Terence Ranger, profesa wa kwanza wa somo hilo, aliingia chuoni mwaka 1963. Siku hizo, habari za Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa tangu 1905 hata 1907, zilijulikana zaidi kwa maandishi ya Wadachi. Gavana von Götzen mwenyewe alitoa kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Maneno ya upande wa pili yalikuwa vifuani mwa wazee. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa amekwisha kutimiza miaka 78. Kila mzee aliyezikwa alikwenda na ushahidi wake.

Basi mwaka huo wa 1968 wanafunzi wa Mlimani walikwenda vijijini kuwauliza wazee na kuyaandika majibu yao. Miongoni mwa wachunguzi alikuwa Gilbert Gwassa, aliyeshughulikia Umatumbi na nchi za jirani. Wazee walisimulia mashamba ya pamba, kazi ya kulazimishwa, viboko, na dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Walitaja pia neno la Kimatumbi, njwiywila, yaani habari ya siri iliyopita kwa mtu na mtu kabla ya vita, ikiwaarifu watu habari za dawa na kuwaita katika jambo moja. Barua za maofisa hazikuweza kulijua neno hilo, kwa kuwa lilikusudiwa lisiwafikie.

Wazee walisema kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao. Lakini makala yaliyokusanywa chuoni yalitolewa kwa Kiingereza. Faida yake ilikuwa kubwa, maana wataalamu wa nchi nyingi waliweza kuyasoma. Hasara yake iliwaangukia wenye habari: wajukuu wengi wa wasimulizi hawakuweza kuyasoma maneno ya babu zao. Hilo ndilo deni la Mlimani.

Sehemu ya deni hilo ililipwa upesi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, aliyesoma chuoni hapo, alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile kwa Kiswahili, na habari za Maji Maji zikarudi kwa watu katika lugha waliyoielewa.

Kwa upande wa sayansi malipo yalichelewa zaidi, kwani kazi yenyewe ni nzito. Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, kilichoanzishwa mwaka 1964 na kurithi kazi ya Kamati ya Lugha ya tangu 1930, kilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kikiitwa wakati huo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1990 ikafuata Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya namna hii haimalizwi na mtaalamu wa lugha peke yake: mwanakemia ndiye aijuaye dutu na tabia zake, na mwanaisimu ndiye ajuaye neno litakaa katika ngeli ipi na litanyambulishwaje. Hapo sanaa na sayansi hulazimika kuketi meza moja.

Hata hivyo sayansi Mlimani yafundishwa kwa Kiingereza hata sasa. Wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya juu wana jibu lao palepale chuoni: Idara ya Kiswahili, tangu ilipoanzishwa mwaka 1970, ilifundisha na kutahini kwa Kiswahili. Wazee wa mwaka 1968 walitoa walichokuwa nacho, nao wamekwisha kuondoka. Dawa ya deni ni kulipa, na walio hai wa kulipwa ni wajukuu zao.