Juu ya nini muti wenye kutolewa ganda pande zote unakufa?

Katika milima ya Kivu, watu wanakata na kuuzisha ganda la kinkina, lenye kutoa kinini, dawa ya malaria, na ganda la Prunus africana, lenye kutumiwa kwa dawa ya prostati. Lakini muti wenye kutolewa ganda kuzunguka shina lote unakauka. Sababu iko ndani ya shina.

Mishipa aina mbili

Mumea uko na mishipa ya aina mbili. Zilemu inapandisha maji na chumvi za udongo toka mizizi mpaka majani. Floemu inashusha sukari yenye majani yametengeneza, ili ilishe mizizi.

Namna imepangwa

Kwa avoka, kahawa, kalitusi na Prunus, mishipa inafanya duara. Floemu iko karibu sana na inje, chini ya ganda. Zilemu iko ndani, njo inakuwa mbao. Katikati yake kuko tabaka nyembamba, kambiumu, yenye kuzaa mishipa mipya na kunenepesha shina.

Kwa mahindi, miwa, mianzi na ngazi, hakuna duara. Mishipa imetawanyika shina lote. Nyuzi zenye kubakia kwenye meno wakati wa kutafuna muwa ni vifungu vya mishipa hiyo. Kambiumu ya duara haiko, kwa hiyo mimea hii haipandikizwe sawa avoka: kupandikiza kunaomba kambiumu za vijiti viwili zigusane.

Mugomba ni wa pekee: kile kinaonekana kama shina ni mashina ya majani yenye kufungana. Shina lenyewe liko chini ya udongo.

Kifo cha polepole

Ganda likitoka pande zote, floemu inakatika. Maji yanaendelea kupanda ndani ya mbao, njo maana majani yanaweza kubakia kijani kwa majuma ao miezi. Lakini mizizi haipate tena chakula. Ikichoka, maji nayo yanakosa. Waya yenye kukaza shina, ao mbuzi wenye kutafuna ganda, wanaweza kuleta matokeo ileile.

Kukata bila kuua

Prunus africana iko kwenye orodha ya pili ya mapatano ya CITES tangu 1995: biashara yake ya kimataifa inaomba ruhusa. Kwa kuihifadhi, mukataji anatoa vipande viwili vyenye kuelekeana, kila kimoja robo ya muzunguko, anaacha robo zingine mbili, na hagusi mbao. Kambiumu ikibakia nzima, ganda linaweza kuota tena.